Spika za Katuba

Nilizinunua kwa Muteba, mbili, za mbao halisi.
Zimetoka Ubelgiji, aliapa, kwa bibi mmoja asiyependa kelele.
Nikazifunga kwa kikwembe, nikazipandisha barabara ya vumbi jekundu
kama mtu anayetoka hospitali na mapacha.

Nyumbani zikalia vibaya.
Besi ilituama konani kama maji yaliyokosa mfereji,
gitaa likakwaruza bati,
na mwimbaji, maskini, aliimbia ndani ya sufuria.
Nikalaumu waya.

Kulaumu waya hapa Lubumbashi ni kumlaumu ndugu.
Shaba ilitoka chini ya miguu yetu,
ikapanda treni, ikanyooshwa ng'ambo, ikavikwa plastiki ya buluu,
ikarudi na bei.
Mita sita, mnene kama mkia wa panya-buku.
"Husikii tofauti?" akauliza Muteba.
Nikasikia. Nilikuwa nimelipa nusu ya mshahara,
ningekosaje kusikia?

Kyabu, dada yangu, hana huruma.
Alinifunga macho kwa kitambaa chake cha kichwa,
akawa anabadilisha: waya wa Muteba, waya wa pasi iliyokufa,
wa pasi, wa Muteba, wa pasi tena,
mara kumi na mbili. Nikapatia sita.
"Hata mbuzi," alisema, "angepata sita."

Lakini usiku ziliimba. Mpaka leo sijui kwa nini.
Pengine kinu cha jirani kilikuwa kimelala,
pengine umeme, unaokonda saa moja jioni
sufuria zote za Katuba zikiunyonya,
ulikuwa umerudisha mwili.
Pengine ni mimi, na bia moja, na giza:
jicho likinyamaza, sikio hukalia kiti chake.

Baba alikuwa na hukumu yake.
Miaka thelathini na moja kwenye tanuru,
na tanuru lilimla sauti zote nyembamba:
ndege, kengele ya baiskeli,
hata ile s iliyo katikati ya jina lake, Musonda.
Hakukaa mbele ya spika kama sisi.
Aliweka kiganja juu ya mbao
kama anayempima mtoto homa.
"Redio yetu ya kambini ilikuwa safi kuliko hii."
Redio ya kambini ilikuwa na spika iliyochanika,
imeshonwa kwa uzi wa viatu.
Hatukubishana naye. Redio ile ilimwimbia
akiwa na miaka ishirini na sita,
Mama akiwa na mimba yangu,
na mwezi ulikuwa haujafika tarehe za madeni.

Jumamosi wakaja wakwe wa Kyabu.
Mama hakuuliza mtu.
Alizing'oa spika konani, apate mahali pa gunia la unga,
akazipandisha juu ya kreti mbili, mbali na ukuta.
Blanketi zito akalitundika kuficha doa la unyevu.
Mikeka juu ya saruji. Watu ishirini na wanane,
makoti, vitambaa, matumbo yaliyoshiba bukari,
na katikati stuli moja tupu, ya mjomba aliyechelewa.

Nikaweka diski, bila imani.

Sauti ikatoka. Siyo kulia, siyo kushoto:
ilisimama pale kwenye stuli,
na pumzi yake, na ulimi ukilowesha midomo
kabla ya neno la kwanza.
Hata waliokuwa wakibishana mahari wakashusha bei ya sauti zao.
Baba akainua kichwa, mkono wake ungali pajani.
"Nani ameingia?" akauliza.
"Mumupe kiti."

Jumapili Mama alifua blanketi
na mwimbaji akarudi sufuriani, nusu yake.
Kreti sikuzigusa.
Ule waya wa Muteba tumeutandaza uani:
unabeba mashuka mawili yaliyolowa
bila kunung'unika.